Nani Atamnusia Baba?

Mtoni, jioni ya kuamkia safari yako

Kwako Somoe, mwanangu,

Barua njema huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, maana ni muda mfupi tu tangu nikuone ukitoka na mama yako kwenda Mbagala kumuaga shangazi yako, umevaa kanga mpya na viatu vinavyokubana lakini hutaki kusema. Hali yangu mimi ni njema. Nimekaa barazani na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la zamani la hesabu. Mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, kwa hiyo mwandiko ukikutaabisha, soma polepole. Treni ya Tabora nayo haina haraka.

Mawaidha ya safari sitakupa. Mama yako ameyamaliza: usile cha mtu usiyemjua, usiweke kikapu dirishani, usimchekee kila anayekuchekea. Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikuja jana akaongeza yake, kuhusu taifa na wauguzi wanavyohitajika, akanywa chai, akaomba nyingine, akaondoka. Hayo yanakutosha. Mimi nimebakiwa na kazi moja tu. Kuna swali uliuliza, na hukuniuliza mimi, lakini mwenye kulijibu ni mimi.

Siku ile ulipopata habari kwamba umechaguliwa chuo cha uuguzi huko Tabora, ulimfuata mama yako jikoni ukamwambia, "Mama, mie siendi. Nikienda nani atamnusia baba?" Mama yako hana kifua, unamjua. Kabla wali haujaiva nilikuwa nimeshaambiwa.

Nitasema kweli, mama. (Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu aliyenizaa kule Nachingwea, na nikikwambia uongo naona kama namwambia yeye.) Kweli yenyewe ni kwamba nilifurahi. Nilikaa pale kibarazani na kikombe changu, nikafurahi kabisa kwamba mtoto wangu yuko tayari kuacha masomo kwa ajili ya pua yangu. Furaha ile ilidumu mpaka chai ilipokwisha. Halafu nikaona aibu, nikalikumbuka tundu la Bwana Mbilinyi, ambalo nitakueleza, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kukujibu.

Unajua kwamba sisikii harufu, lakini nadhani sikuwahi kukusimulia ilivyoanza. Nilipotoka kusini nilipata kazi katika karakana ya shirika moja kule Barabara ya Pugu. Uhuru ulikuwa bado mbichi na sisi wenyewe tulikuwa wabichi, na kila kijana alitaka aitwe fundi kabla hajawa fundi. Petroli tulikuwa tukiinyonya kwa mdomo. Unatia mpira kwenye tangi, unavuta, ikifika mdomoni unatema na kuuelekeza mpira kwenye dumu. Aliyetafuta pampu alichekwa. Mikono tulinawa kwa petroli, vyuma tukaosha kwa petroli, ovaroli zikilowa grisi tukazisugua kwa hiyohiyo. Mimi nilikuwa bingwa. Niliweza kuonja nikasema hii imechanganywa na mafuta ya taa, na wenzangu wakapiga makofi.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Kiliani, mtu wa Songea, mpole, hakuwa na maneno mengi. Siku moja aliniona nikitema petroli chini na kucheka, akaniambia, "Namkoto, hiyo siyo togwa." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, lakini ujana nao una haki yake." Vijana wakaangua kicheko. Yeye akaitikia marahaba, akaenda zake. Mzee yule nilimkumbuka sana baadaye, na nimemwombea dua mara nyingi kuliko alivyonikanya.

Pua yangu haikuniaga. Ilipungua kidogokidogo, nikawa sijui. Mliogundua ni wewe na mama yako. Mama yako alikuwa na mafua makali, akapika nguru aliyenunua jioni sokoni, akaniwekea. Nikala nikasifu, nikaomba mchuzi tena. Ukaja wewe, ulikuwa bado hujaanza shule, ukasimama mlangoni umeziba pua. "Mama, samaki ananuka." Mama yako akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "We baba Somoe, huyu samaki kaoza! Unasifia nini?" Nikamwambia nilikuwa namheshimu mpishi. Akacheka mpaka akakaa chini, na mafua yake hayo. Tumbo langu halikucheka.

Tukaifanya hadithi ya kuchekesha wageni. Hatukufikiria kwamba mtu asiyenusa samaki aliyeoza hatanusa na petroli, wakati mkate wetu unatoka kwenye petroli.

Karakana ilipoishiwa vipuri na kupunguza watu, nilijenga hiki kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, nikaanza kupokea magari ya watu. Hapo ndipo alipokuja Bwana Mbilinyi, karani wa bandarini. Unamkumbuka, yule Mhehe mrefu aliyekuwa akikuletea mapapai. Gari lake dogo jeupe lilikuwa linanuka petroli ndani, na petroli yenyewe ilikuwa inapungua hata likilala uani. Wakati ule petroli ilikuwa ya kupangia foleni, na mtu akipata galoni mbili analala kwa raha. Kila mtu alichukia kuona hata tone linapotea.

Nikaingia chini ya gari. Kukavu. Mabomba makavu, tangi kavu. Nikapekua mpaka nikauona mfuniko wa tangi, una tundu dogo linaloweza kupitisha sindano ya kushonea. Nikasema, "Bwana Mbilinyi, mwizi wako nimemkamata. Petroli yako inageuka hewa na kutokea hapa." Nikachukua kipande cha sabuni na nta kidogo, nikaliziba tundu, nikapaka na rangi juu ili pawe pazuri. Sitasahau jinsi alivyonishukuru yule bwana. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Somoe, tangi lazima lipumue. Petroli inapotoka kwenda kwenye injini, hewa nayo iingie ikae mahali pake. Nilikuwa najua hivyo tangu siku za karakana. Lakini uhaba ulikuwa umetufanya wote tuwe wachoyo, hata kwa hewa, na nilichoona mimi pale ni hasara inayotoka tu.

Jumapili iliyofuata Bwana Mbilinyi alitoka kanisani na mkewe, wakawahi kurudi kabla ya ile saa ya mchana ambayo magari yalikuwa hayaruhusiwi tena barabarani. Gari likazima Barabara ya Kilwa. Akafungua mfuniko aone kama petroli imekwisha, tangi likavuta hewa fyuu, gari likawaka. Akafunga, akaenda kidogo, likazima. Akafungua tena. Walifika hapa kwangu kwa mtindo huo, mke wake na gauni lake la kanisani akisukuma, na watoto wa mtaa wakisukuma kwa furaha. Bwana Mbilinyi hakunikaripia. Alisema tu, "Fundi, gari langu sasa linataka kufunuliwafunuliwa kama sufuria ya wali."

Nikajifanya sijui sababu. Ningeweza kutoa ile sabuni palepale mbele yake, lakini niliona haya. Nikamwambia aliache, mke wake akaenda nyumbani kwa miguu, yeye akakaa kwenye benchi nje kungoja. Gari likashinda juani na mfuniko umefungwa kabisa. Jioni, mawingu yalipokusanyika, nikaliingiza kibandani.

Kumbe nyuma ya kava la buti, nisikotazama, kulikuwa na mpira wa tangi uliochakaa, una ufa mwembamba. Tangi likivuta, ufa ule ulikuwa unajibana. Likipata joto na kusukuma, ulikuwa unafunguka. Na mchana kutwa lilikuwa limesukuma. Nilichukua chemli, nikapiga goti karibu na gurudumu la nyuma, nikainua kioo, nikashika kiberiti.

Wewe ulikuwa darasa la nne. Ulikuwa unatoka bombani na ndoo kichwani.

"Baba, usiwashe!"

Ndoo ikaanguka, maji yote chini. Nikageuka na hasira, maana maji yale yalikuwa ya foleni. "Una wazimu gani wewe?"

"Baba usiwashe! Humo ndani petroli tupu. Macho yananiwasha hata huku nje."

Nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Kwangu ilikuwa hewa safi ya jioni. Nikatoka na kiberiti mkononi, nikamwambia Bwana Mbilinyi aje. Akaingiza kichwa mlangoni, akarudi nyuma upesi, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Ukuta wa pili wa kibanda kile ni wa chumba chetu, na mle chumbani mama yako alikuwa amelala na mdogo wako aliyekuwa bado ananyonya.

Tukalisukuma gari nje. Asubuhi ulikataa kwenda shule kwanza. Ulilizunguka gari lile taratibu, umeweka mikono mgongoni. "Siyo hapa. Siyo hapa. Baba, ni huku." Nikabandua kava la buti, nikapapasa, nikaukuta ule ufa kwa kidole. Na mfukoni nikatoa msumari mdogo, nikalizibua tundu la mfuniko mbele ya Bwana Mbilinyi, nikamwambia kwamba kosa ni langu. Akasema, "Mshukuru mtoto, fundi. Mimi nishamshukuru Mungu."

Mimi sikukushukuru. Nilikugombeza kwa sababu ya ndoo. Ilikuwa imebonyea ubavuni, na ndoo zenyewe wakati ule zilikuwa hazipatikani madukani. Mpaka leo mama yako amepandia mchicha ndani yake, na kila nikiuona mchicha ule najiona mjinga. Basi nakushukuru leo, mwanangu. Ahsante kwa mke wangu. Ahsante kwa mdogo wako, ambaye sasa ana mapengo mawili mdomoni na anadhani amezaliwa kuishi tu. Ahsante kwa miaka yote niliyoishi baada ya jioni ile, maana yote umenipa wewe.

Tangu hapo tukawa na desturi yetu. Kila jioni, kabla sijawasha taa, nakuita. Unaacha rede na wenzako, unakuja na vumbi lako miguuni, unazunguka magari yaliyopo, halafu unasema, "Washa, baba." Sikuwahi kuwasha bila neno hilo. Wateja wakazoea. Mtu akija kuchukua gari alikuwa anauliza, "Limepita kwa Somoe?" Ulikuja siku ya Idi na nguo zako mpya. Ulikuja usiku wa kuamkia mitihani. Ulikuja una homa, umejifunika blanketi, ukanusa kwa tabu, ukasema, "Baba, leo pua yangu imeziba, usiwashe kabisa," nikala daku gizani na mama yako akinilaumu kwamba nimekunywa uji kwa sikio.

Ulikuja bila kununa. Hilo ndilo lililonifanya nisione kwamba nakuchukulia kitu. Ungenuna hata siku moja ningejiuliza. Nilipofurahi kwamba hutaki kwenda Tabora, ndipo nilipojiona tena na sabuni yangu na nta yangu, naziba tundu, na napaka na rangi.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana ulikuwa hujui.

Nilikwenda kwa Athumani, fundi baiskeli pale njia panda. Unajua mimi na Athumani. Kwa miaka yote nilikuwa nikipita pale nikimwambia, "Habari za vyerehani?" kwa kuzidharau baiskeli zake, na yeye anatukana kwa upole. Nikamwomba anioneshe anavyotafuta pancha. Akainuka kabisa kwenye kigoda chake, akawaita watu. "Njooni muone! Leo fundi magari kaja kusoma kwangu!" Nikangoja amalize kucheka. Akajaza upepo kwenye mpira, akautumbukiza kwenye beseni la maji, viputo vikapanda. Nikamwambia, "Tangi langu haliingii kwenye beseni." Akafikiri, akajikuna. "Basi beseni lako ulipeleke kwa tangi. Paka povu."

Akaniazima pampu yake. Hakunidai kitu, ila sasa kila nikipita ananiuliza mimi habari za vyerehani.

Kazi yenyewe ni hii. Gari nalitoa uani mchana, mbali na jiko. Mfuniko naubadilisha na kizibo cha mpira nilichochonga kutoka kwenye ndala yako ya zamani. Bomba la kwenda injini nalibana. Natia upepo kwa pampu, kidogo tu, kwa mkono mmoja, maana tangi si gurudumu. Halafu nakoroga sabuni na maji mpaka povu lisimame, nalipaka kwa brashi yangu ya kunyolea ndevu kwenye kila kiungo na kila mpira. Napiga magoti, nangoja. Pakiwa pazima, povu linatulia. Pakiwa na ufa, hata ule usioonekana, panaota kiputo, kinakua, kinapasuka, kinaota kingine. Mara ya kwanza nilipokiona nilikaa chini, machozi yakanitoka. Miaka mingi nilikuwa sijakutana na harufu ya petroli, na siku ile nikaiona kwa macho.

Mama yako alinishika siku ya pili. "Baba Somoe, watu hawana sabuni ya kuogea, duka la ushirika wamegawa nusu mche kila nyumba, wewe unaogesha tangi?" Nikamweleza. Alisimama pale, mikono kiunoni, akiangalia kiputo. Kisha akaingia ndani. Akarudi na ule mche mzima aliokuwa ameuficha kwa ajili ya safari yako, akaukata kati kwa kisu. "Nusu ya mtoto, nusu ya pua," akasema. Kwa hiyo ukifungua kikapu chako ukaona sabuni fupi, usidhani mama yako mchoyo. Mshukuru kama ninavyomshukuru mimi. Mwanamke yule amenivumilia na harufu ambazo mimi mwenyewe sizisikii.

Wiki iliyopita lilikuja lile gari la zahanati. Wewe ulikuwa umekwenda kupimwa kwa ajili ya chuo. Nililipima peke yangu. Viungo vyote vikatulia, isipokuwa kimoja: pale shingo ya tangi inapoungana na mpira mkubwa, upande wa chini, kiputo kiliota. Nikachukua chaki nikapiga alama kwa ndani, mahali mtu hawezi kuona bila kulala chini. Nikafuta povu, nikakausha, nikalirudisha gari kama lilivyokuwa. Jioni uliporudi nikakuita. "Somoe, njoo unuse."

Ukaja. Ukaweka mikono mgongoni. "Siyo hapa. Siyo hapa." Ukainama nyuma, ukanyoosha kidole. "Baba, hapa. Chini ya shingo."

Palepale, mama. Juu ya chaki yangu.

Nikasema, "Haya, ahsante," nikajifanya natafuta bisibisi. Ningekwambia palepale. Nilitaka nikwambie. Lakini nilijua nikisema, hutakuja tena jioni na mikono yako mgongoni kuniambia washa, na zilikuwa zimebaki jioni chache. Nisamehe kwa hizo. Nilizitaka.

Kwa hiyo jibu lako ni hilo. Anayemnusia baba ni sabuni ya mama yako, na pampu ya Athumani, na ndala yako iliyokatika. Watu wa Tabora watakuwa wagonjwa, na baadhi yao watasema wapo salama wakati hawapo, kama mimi nilivyokuwa nikisema mle kibandani na kiberiti mkononi. Wewe utajua. Hukuwahi kubishana nami kwa sauti kubwa hata siku moja, ila ile moja, na ile ndiyo iliyotuokoa.

Jua limezama. Kabla ya kuanza ukurasa huu nimelipima gari lililolala hapa, povu limetulia kila mahali. Nimefungua milango yote miwili ya kibanda. Chemli nimeileta huku barazani, nimeiwasha, na ndiyo ninayoandikia.

Mkitokea njiani mtaiona. Najua utakavyofanya. Utauachia mkono wa mama yako, utakimbia na viatu hivyo vinavyokubana, utasimama uani uvute hewa kabla hata hujanipa shikamoo. Utaniuliza, "Baba, nani kakwambia uwashe?" Na mimi, kwa sababu mbele ya watu maneno hunikauka, nitakuuliza kwa ukali kama siku hizi mnasalimia kwa maswali. Usiniamini. Ukisoma haya kwenye treni, jua kwamba nilipokuwa nakukaripia nilikuwa naomba dua.

Nasikia viatu. Unakimbia.

Nenda, mama. Taa inawaka.

Baba yako,
Namkoto